Chokaa, mwani na fedha za umma: tunayoyakosea kuhusu utafiti wa nano

Ikitajwa nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, Unguja au Pemba, jawabu huwa karibu moja: hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi tuna shida ya maji. Naielewa hoja hiyo lakini siikubali. Fedha za umma zinazolipia utafiti wa nano, malighafi mpya na mbinu mpya za uzalishaji zinagusa vitu tunavyovishika kila siku. Tukizisusa, wengine ndio watakaoamua kipi kichunguzwe na kipi kiachwe.

Dhana: Nano ni habari ya kompyuta na vyombo vya anga.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi. Hicho ni kipimo tu, na kinachopimwa kinaweza kuwa chochote, hata chokaa.

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya masika, upitishe kidole ukutani pale plasta ilipobanduka. Kidole kinatoka na unga mweupe, na chembe za mawe zinadondoka. Chokaa ya hapo imeshaacha kushikana, na chumvi inazidi kuila. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa yakatoa hewa ya ukaa, kisha yakatiwa maji. Ikishapakwa ukutani, inaifyonza tena hewa hiyo taratibu mpaka inarudi kuwa jiwe.

Watafiti wa Ulaya waliichukua kemia hiyo hiyo wakaipunguza umbo: chembe za chokaa ndogo mno, zinazoelea ndani ya spiriti. Spiriti inazibeba mpaka ndani ya jiwe lililolegea, inakauka, na chembe zinabaki humo zikifyonza hewa ya ukaa na kuushika ukuta upya. Kazi hiyo ililipiwa na kodi za watu. Mradi wa STONECORE, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2008 hadi 2011, ni mmoja wa iliyoiendeleza.

Si dawa ya kila ukuta. Spiriti ikikauka haraka, chembe hurudi juu na kuacha utando mweupe, huku ndani jiwe likibaki legevu. Joto letu na unyevu wetu si wa Ujerumani wala Italia, na kuta zetu zinapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Kama inafaa hapa, hakuna ripoti ya kwao itakayotuambia. Lazima mtu aijaribu kwenye matumbawe yetu kwa misimu kadhaa, apime, arudi apime tena, na mtu huyo lazima alipwe. Sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Sisemi chokaa ya nano ingeizuia. Nasema mji uliojengwa kwa chokaa una kila haki ya kuwa na watafiti wa chokaa.

Na hiyo shida ya maji? Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na malighafi za nano, akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Alianzia kwenye maji hayo hayo.

Dhana: Fedha hizi ni msaada, na wanaopata ni wenye kujuana.

Tuangalie zinavyotembea. Katika programu ya sita ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, 2002 hadi 2006, nano, malighafi na mbinu za uzalishaji zilitengewa euro bilioni 1.3. Programu ya saba, iliyoishia 2013, ilitenga kama bilioni 3.5. Hazikugaiwa kwa nchi. Hutoka wito wa maandiko ya miradi wenye mada na tarehe ya mwisho, taasisi zinaungana na kuandika, kisha wataalamu huru wanatoa alama. Mara nyingi masharti yanataka wabia wasiopungua watatu kutoka nchi tatu tofauti za Ulaya au zilizojiunga na programu hiyo, na taasisi ya kwetu inaongezeka juu ya hao. Katika programu ya sasa, Horizon Europe, taasisi za Tanzania zimo kwenye orodha ya wanaoweza kulipwa, kwa hiyo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikiwa mbia hakihitaji kubebwa na mtu. Kujuana kunasaidia kumpata mbia, hilo ni kweli. Alama zinatolewa kwa andiko.

Nyumbani ipo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wake wa kugharimia utafiti, MTUSATE. Nao unatoa wito. Wanaofundisha vyuoni wawafundishe vijana kuandika andiko la mradi mapema, kabla hawajamaliza shahada.

Dhana: Mbinu mpya za uzalishaji maana yake ni roboti.

Kwa mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, mbinu ya uzalishaji ni vigingi, kamba na taitai. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Cottonii, mwani wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, alishughulikia nyavu za mrija zinazopandwa kwenye maji ya kina zaidi, yaliyo baridi. Hiyo ni mbinu mpya ya uzalishaji kwa kila maana ya neno. Nayo ina mahitaji yake: chombo, na mtu anayejua kuogelea. Bajeti ya utafiti inayolipia nyavu ikasahau mafunzo ya kuogelea ina pengo.

Dhana: Kila kitu cha nano ni sumu. Vingine vina hatari, vingine havina, na kinachobainisha ni kupima. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku titani dioksaidi, rangi nyeupe ambayo sehemu ya chembe zake ni za nano, kwenye chakula mwaka 2022, baada ya wataalamu wake kushindwa kuithibitisha kuwa salama. Uchunguzi wa usalama nao unalipiwa na fedha za umma.

Dhana: Mfadhili ndiye mwenye matokeo.

Hofu hii naisikia zaidi Pemba, kwa watu wa karafuu, na ina msingi. Lakini katika programu za Ulaya, matokeo ni mali ya mbia aliyeyazalisha. Mkiyazalisha pamoja bila kuweza kutenganisha mchango wa kila mmoja, mnayamiliki pamoja. Tatizo hutokea pale taasisi yetu inapoingia kama mkusanya sampuli tu: inapeleka makonyo na majani, vipimo vinafanyika kwingine, na kisheria haikuzalisha kitu. Dawa yake ni kudai, kabla ya andiko kutumwa, kwamba sehemu ya vipimo ifanyike hapa na mashine inunuliwe hapa. Hayo yaandikwe kwenye mkataba wa wabia, na mwanasheria wa chuo auone kabla mkuu wa chuo hajatia saini.