Pima ubao wa tezi kabla hujanunua mashine

Mwezi uliopita mzee mmoja alinikuta ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Alikuwa amenunua mashine ya boti ya nguvu farasi 15, mtumba, kutoka Dar es Salaam. "Fundi, inalia sana lakini haisukumi," akaniambia. Nikamwomba tutoke nayo.

Kwenye maji matulivu mashua ilikwenda vizuri tu. Tulipokutana na mawimbi ya kusi, kila tezi, yaani nyuma ya chombo, ilipoinuka mashine ililia kwa sauti kali, mwendo ukafa, na kile kijito cha maji ya kupozea kikawa kinakatikakatika. Nikamwambia, "Mzee wangu, mashine yako ni nzima. Shafti ndiyo fupi."

Mashine za boti huja na shafti, yaani mguu unaoshuka majini mpaka kwenye propela, za urefu maalumu. Fupi ni inchi 15, ndefu ni 20, na ndefu zaidi ni 25; yaani kama sentimita 38, 51 na 64. Urefu huo haufuati nguvu ya mashine, kwani hata mashine ya 15 zipo fupi na ndefu. Kinachoamua ni ubao wa tezi, pale unapobana mashine. Juu ya propela kuna bapa pana la chuma, na kazi yake ni kuzuia propela isivute hewa kutoka juu. Bapa hilo linatakiwa liwe usawa wa chini ya chombo.

Ubao wa mzee ulikuwa inchi 19 na nusu. Kwa hiyo bapa lilining'inia inchi nne na nusu juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na propela ikawa inakoroga povu. Matundu ya kuvutia maji yapo hukohuko chini, nayo yakivuta hewa, mpira wa pampu unakauka na kuungua, halafu mashine inachemka. Hasara yake ni kubwa kuliko mwendo uliopotea.

Shafti ikizidi urefu nayo ni taabu. Inaburuta maji, inayarusha mpaka ndani ya chombo, na inakula mafuta. Tena kwetu hapa, maji yakitoka unatembea mchangani mbali kabla hujafika penye kina. Propela iliyozama inchi tano bila sababu inachimba mchanga kila siku. Hata hivyo, kwa mashua ya mbao naona afadhali bapa lizame inchi moja chini ya mkuku kuliko lipande inchi moja juu.

Kupima kwenyewe watu wengi hukosea kwa sababu ubao wa tezi umelala, nao wanaufuata ulalo wake. Mashine ikiwa kazini husimama wima. Chukua ubao ulionyooka, uweke chini ya mkuku ukitokeza nyuma, kisha teremsha timazi, uzi wenye kitu kizito, kutoka ukingo wa juu wa ubao wa tezi, katikati kabisa, mpaka kwenye ubao huo. Urefu wa uzi ndio kipimo chako. Pima mpaka chini ya mkuku, si mpaka kwenye mbao za ubavu, maana propela inakaa nyuma ya mkuku huo na kupokea maji yaliyovurugwa nao. Mafundi wetu wa mashua huchonga kwa jicho, kwa hiyo hata vyombo viwili vya fundi mmoja usivipe kipimo kimoja.

Kwa Yamaha, herufi ya mwisho ya modeli mara nyingi inakuonyesha: S ni fupi, L ni ndefu. Lakini mtumba unaweza kuwa umebadilishwa mguu, basi pima kutoka ndani ya kibano, pale kinapokalia ubao, mpaka kwenye bapa.

Vijana walimshauri mzee akate ubao ushuke. Nilimkatalia kabisa. Inchi hizo nne ndizo zinazozuia wimbi la nyuma lisiingie chomboni, na mashua iliyojaa nyavu na watu haisubiri mawimbi mawili. Ubao ukiwa mrefu mno kwa mashine, badili mashine. Kurefusha shafti kunawezekana, ila lazima urefushe pia fimbo ya gia na bomba la maji, na gharama yake haina maana kwa mashine ndogo.

Mzee alibadilishana na kijana mwenye boti ndogo ya faiba, ubao wake inchi 15, akaongeza pesa kidogo. Tumeifunga ile ndefu juzi, tukapitisha bolti na kuifunga mnyororo. Kesho akirudi baharini nitakaza vibano tena, maana mbao hubonyea kidogo baada ya safari ya kwanza.