Kwa nini trela za siku hizi zinakurudisha utotoni

Kazi yangu ni kuhariri matangazo ya video hapa Mtwara mjini, kwa hiyo trela za Hollywood, zile video fupi za kutangaza filamu, nazitazama kifundi: nasimamisha, narudisha nyuma, nasikiliza tena. Hasa za filamu zinazofufuliwa baada ya miaka mingi.

Studio huanza na hesabu ya umri. Top Gun ilitoka 1986, Top Gun: Maverick ikaja 2022. Aliyeiona ya kwanza akiwa kijana sasa ana mshahara, na ana watoto wa kuwakatia tiketi. Maverick iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4.

Lakini kukumbushana tu hakutoshi. Mwaka 2023 filamu ya The Flash ilimrudisha Michael Keaton, aliyeigiza Batman kwenye filamu ya 1989, na matangazo yakamtanguliza yeye. Mapato ya dunia nzima hayakufika dola milioni 300, wakati bajeti ilikuwa takriban milioni 200 kabla hujagusa gharama za kuitangaza. Maverick angalau ilikuwa na kitu kipya cha kusimuliana: waigizaji walirekodiwa wakiwa ndani ya ndege za kivita zinazoruka kweli.

Kwenye trela yenyewe, sauti hufanya kazi kubwa kuliko sura. Chukua ile ya kwanza ya The Lion King ya 2019. Picha zinafuata ufunguzi wa filamu ya 1994: jua linachomoza, wanyama wanakusanyika, mtoto wa simba ananyanyuliwa juu ya mwamba. Hadithi huelezwi. Unamsikia James Earl Jones, sauti ileile ya zamani ya Mufasa, baba wa mtoto huyo wa simba, na Mmarekani wa miaka thelathini na kitu keshalainika.

Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Wengi wa Chikongola na Magomeni za hapa Mtwara walizijua filamu za nje kwenye vibanda umiza, mabanda ya kuonyeshea video: benchi la mbao, TV ya chogo, mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Sauti ya mtafsiri ilipanda juu ya kila kitu, muziki ukafunikwa. Mpigie mtu huyo muziki wa filamu aliyoipenda, atakukodolea macho. Mwekee sekunde chache za mtafsiri, atacheka kabla hajajua ni filamu gani. Ndiyo maana mteja akitaka tangazo lenye ladha ya enzi zile, muziki nauacha mwishoni kabisa. Kwanza natafuta msimulizi anayejua kuropoka.