Kunena kwa lugha sio kipimo cha kukua kiroho

Wengi tunadhani aliyekua kiroho ni yule anayenena kwa lugha mpaka sauti inakauka na mkesha wa Ijumaa hakosi, lakini hebu soma 1 Wakorintho, Paulo sura ya 1 tu anawaambia hawajapungukiwa na karama yoyote, yaani vipawa vya Roho kama huko kunena kwa lugha, afu sura ya 3 anawaita watoto wachanga wa kunyweshwa maziwa, kisa? Husuda na fitina, huyu anajiita wa Paulo, yule wa Apolo, mhubiri mwingine. Karama unaweza pewa siku moja, tabia ndo inachukua miaka. Mkesha sipingi, mi mwenyewe nakesha. Ila umetoka kanisani alfajiri, konda kakuzidishia chenji mia tano, unarudisha au unashuka kimya kimya unasema Bwana ametenda?