Boksi halina wati

Jumamosi kijana mpiga besi wa kwaya alishusha boksi la spika kutoka kwenye bajaji mbele ya karakana yangu, akaniamkia, na hata marahaba haijanitoka vizuri akaanza: "Fundi, hili boksi ni la wati 800, amplifaya yangu ni ya 300 tu. Linaharibikaje wakati limeizidi mara mbili na zaidi?"

Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Wapiga besi wananiuliza, walimu wa kwaya wananiuliza, na wauza vyombo ndio wanaolikoleza: "Chukua boksi la wati kubwa, utakuwa salama." Leo naandika.

Boksi halina wati. Wati ziko kwenye amplifaya. Namba iliyobandikwa nyuma ya boksi inakwambia koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni ya spika, itavumilia joto la umeme kiasi gani kabla gundi haijaachia, basi. Haikwambii boksi litasikika mpaka wapi, wala litaifanyia nini noti ya chini. Na mara nyingi hata hiyo namba kubwa ni ya kilele, yaani ya kupita mara moja tu. Nililigeuza boksi la yule kijana tukasoma pamoja maandishi madogo chini ya ile 800: wati 200 za mfululizo. Watengenezaji wengi huandika kilele mara nne ya mfululizo, na macho ya mnunuzi hukimbilia namba nene.

"Basi imeungua," akasema, "maana 300 imezidi 200." Hapana tena. Nililaza spika chali juu ya sumaku yake, nikaikandamiza koni kwa vidole vya mikono yote miwili, taratibu. Kwaru, koili inakwaruza ndani. Tukaichana koni na kuitoa. Harufu ya kuungua hakuna. Waya wa koili uko na rangi yake ileile ya shaba, hakuna mzunguko uliolegea. Ila ukingo wa chini wa koili umekunjamana kama mdomo wa kopo lililopigwa nyundo. Koili hiyo haikuuawa na joto. Iligonga sahani ya nyuma ya sumaku, tena na tena, ibada baada ya ibada.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halimo kwenye ile namba kabisa. Spika ikitaka kutoa sauti ileile kwa ukubwa uleule, kila noti ikishuka oktavu moja, yaani mitetemo ikipungua nusu, koni lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Uzi wa chini wa besi ya nyuzi nne, E, uko kwenye Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kijana ana besi ya nyuzi tano, na B yake iko Hz 31. Boksi lake lina tundu la hewa, na boksi la tundu lina noti yake. Ukishuka chini ya hapo hewa ya ndani inaacha kuizuia koni, na koni inabaki inatupwa huku na huko bila breki. Wati 200 kwenye noti za kati, koni hata hutaiona ikitikisika. Wati 80 kwenye B ya chini zinaweza kuifikisha mwisho wa safari yake. Koili bado ni ya baridi, na spika inakufa.

Nikamuuliza nobu ya besi anaiweka wapi. "Mwisho, fundi. Kanisa kubwa." Nobu hiyo kwenye amplifaya nyingi inaongeza desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, 12 au 15. Desibeli 12 ni karibu mara 16 ya wati. Kwa hiyo noti iliyokuwa inaomba wati 10 sasa inaomba 160, tena pale pale ambapo boksi ni dhaifu.

Ukitaka sauti kubwa, kabla ya wati tafuta boksi linatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Boksi la desibeli 100 likipewa wati 100 linakaa sawa na la desibeli 94 lililopewa 400. Namba hiyo wauzaji hawaitaji. Na kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3, ambazo msikilizaji wa benchi la nyuma hatazitambua kirahisi. Boksi la pili linalofanana na la kwanza linasaidia zaidi, kwa sababu eneo la koni limeongezeka na kila koni inatembea kidogo.

Kampuni ya Ampeg walipotoa SVT mwaka 1969, amplifaya ya wati 300 ya valvu, zile taa za kioo badala ya transista, boksi lake lilikuwa na spika nane za inchi 10 na halina tundu. Watu wananiambia inchi 10 haziwezi besi, lazima 15. Nane za inchi 10 zina eneo la koni kubwa kuliko tatu za inchi 15. Na boksi hilo kwenye Hz 41 limeshafifia. Sikio linaijenga E kutokana na Hz 82 na zilizo juu yake, na wewe ukumbini unaapa umeisikia.

Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nitapita haraka. Matundu mawili ya spika nyuma ya amplifaya karibu kila mara yameungwa sambamba, si njia mbili tofauti. Boksi mbili za omu 8 ni omu 4. Mbili za omu 4 ni 2, na kama amplifaya imeandikwa isishuke chini ya omu 4, utapika transista. Omu 8 pamoja na omu 4 ni 2.67, na lile la 4 linachukua theluthi mbili za nguvu, kwa hiyo ndilo litakalotangulia kufa. Mita ikikuonyesha 5.8 usirudishe boksi dukani ukidai umeibiwa. Mita inapima waya tu, na hiyo ndiyo omu 8. Amplifaya ya valvu usiiwashe na kuipiga bila boksi. Na waya wa gitaa usiutumie kwenye spika, ni mwembamba.

Sasa mashaka yangu. Hiyo "omu 8" yenyewe ni jina tu. Boksi moja linaweza kuwa omu 6 kwenye noti fulani na omu 40 kwenye nyingine, na hesabu zote za hapo juu tunazifanya kama vile halibadiliki. Nimeona amplifaya isiyotakiwa kushuka chini ya omu 4 ikipigwa kwenye 2.67 kwa miaka bila kufa, lakini mteja wangu simruhusu. Na kuchanganya boksi la 15 na la 10 vitabu vinakataza, kwa sababu mawimbi yao yanaweza kufutana. Nimesikia yakifutana kweli, besi ikapotea hatua tatu tu kutoka jukwaani. Nimesikia pia mchanganyiko kama huo ukipiga vizuri hadi sikutaka kuugusa. Siwezi kukuahidi kabla sijasimama ukumbini.

Kijana nimemfungia spika ya wati 250 za mfululizo, koili yake ndefu, safari yake karibu mara mbili ya ile ya zamani. Aliisoma 250 akanitazama kama niliyempunja. Nikachomeka besi, nobu zote katikati, nikamwambia apige B na aangalie koni, asiangalie kibandiko. Akainama, akapiga, akapiga tena. Kisha akaniuliza bei ya boksi la pili la omu 8.