Blackpool: chumba hiki nani anakilipia?

Watu wakiniuliza kwa nini miji ya ufukweni ya Uingereza imechakaa, wengi hutegemea nianze na ndege za bei nafuu za kwenda Hispania. Ndege zina sehemu yake, nitafika huko. Lakini kazi yangu ni makazi, na nikienda Blackpool, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya England, macho yangu hayaendi baharini wala kwenye ule mnara wake maarufu. Yanakwenda mitaa ya nyuma, kwenye nyumba za matofali zilizobanana, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, ghorofa tatu au nne, zenye vyumba vingi vidogo vidogo. Vyumba hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya mgeni wa wiki moja. Ukitaka kuuelewa mji huu, uliza swali moja kwa kila kizazi: chumba hiki nani anakilipia?

Kizazi cha kwanza jibu lilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Reli ilifika Blackpool 1846. Mwaka 1851 palikuwa na wakazi wapatao 2,500, na kufikia 1901 walikuwa kama 47,000. Nyuma ya ukuaji huo kuna jimbo la Lancashire, lililokuwa likisokota na kufuma pamba kwa ajili ya dunia nzima. Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na hadithi hii. British Cotton Growing Association, chama kilichoanzishwa 1902 kwa msukumo wa wenye viwanda hao, ndicho kilichohimiza kilimo cha pamba katika makoloni, Uganda ikiwemo, na kwa muda mrefu kanga za bibi zetu zilichapishwa Manchester.

Miji ya pamba ilikuwa na sikukuu zake za zamani zilizotokana na makanisa ya parokia. Watu walikuwa hawaji kazini siku hizo, utake usitake, hivyo wenye viwanda wakaona heri wafunge kabisa kwa wiki nzima na kutumia nafasi hiyo kukarabati maboila. Kila mji ulikuwa na wiki yake. Wiki hii Oldham inahama, wiki nyingine Burnley, nyingine Blackburn. Kwa Blackpool hiyo ilikuwa baraka ya pekee. Badala ya kufurika wiki mbili halafu kukaa bure, mji ulipata wageni wapya kila Jumamosi, kuanzia Juni mpaka Septemba.

Likizo hiyo haikuwa na malipo. Mfanyakazi asipoingia kiwandani hakupata kitu, kwa hiyo watu waliweka akiba mwaka mzima kwenye vikundi, kama kina mama wa kwetu na vikoba vyao, senti kwa senti, wakavunja chungu siku chache kabla ya kupanda treni. Ninawaheshimu sana watu hao. Walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa viwandani duniani kumudu likizo ya ufukweni, na waliipata kwa nidhamu yao, kabla serikali haijawapa haki yoyote. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja 1938 tu.

Aliyewapokea alikuwa mama mwenye gesti. Mara nyingi naye alitoka kwenye mji uleule wa viwanda: mjane, au mke aliyetaka kipato chake mwenyewe, amechukua nyumba na kuweka vitanda. Mtu wa Oldham alifikia kwa mama wa Oldham, mwaka baada ya mwaka, watoto wakakua wakimwita shangazi. Utaratibu wa zamani ulikuwa mgeni analipia kitanda tu. Chakula alinunua mwenyewe sokoni, akakikabidhi jikoni, na mama akapika sufuria za familia saba kwa wakati mmoja bila kuchanganya nyama ya huyu na ya yule. Hata chumvi na pilipili ya mezani iliweza kuwekwa kwenye bili. Wiki za msongamano watu walilala wawili wawili na wageni wengine kitandani, na hata kwenye kibaraza cha ngazi. Baada ya kifungua kinywa wote walitolewa nje, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka saa ya chakula.

Ndiyo maana mji wenyewe ulijengwa kama kivuli cha kuwafichia watu mvua. Angalia majengo yake makubwa: kumbi za Winter Gardens zilizofunguliwa 1878, Mnara wa 1894 wenye urefu wa mita 158, ulioigwa kutoka ule wa Eiffel lakini chini yake ukawekwa ukumbi wa dansi na sarakasi. Manispaa nayo ilikuwa na macho. Mwaka 1879 ilipata kibali cha Bunge kutoza kodi ya majengo kwa ajili ya kuutangaza mji, na mwaka huohuo ikawasha taa za umeme ufukweni, watu wakaja usiku kushangaa. Tramu ya umeme ilianza 1885. Manispaa ilipowafukuza wamachinga mchangani 1897, walihamia kwenye viuga vya mbele vya nyumba za barabara ya baharini, na vibanda vyao ndivyo vilivyozaa eneo la starehe liitwalo Golden Mile. Baadaye zikaja zile taa za mapambo za vuli, ambazo kazi yake halisi ilikuwa kuurefusha msimu: watoto wamerudi shuleni, lakini vyumba bado vina watu.

Vita Kuu ya Pili iliileta serikali mlangoni. Mamia ya maelfu ya vijana wa jeshi la anga walipewa mafunzo ya awali Blackpool wakilala kwenye gesti zilezile, na maofisa wa serikali waliohamishwa kutoka London nao wakapangiwa humo. Serikali ililipa, tena majira ya baridi, wakati vyumba kwa kawaida vilikaa vitupu. Vita vilipoisha wageni walirudi kwa wingi, sasa wakiwa na likizo yenye malipo, na kwa miaka kadhaa mtu angeweza kudhani mambo yatakuwa hivyo daima.

Kilichovunja mpango huo kwanza ni viwanda vyenyewe. Kati ya miaka ya 1950 na 1980 vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wiki ya mji mzima kuhama ikafa navyo. Stesheni ya Central, iliyokuwa hatua chache kutoka kwenye Mnara, ilifungwa Novemba 1964 na eneo lake likageuzwa maegesho ya magari. Mwenye gari haji kwa wiki. Anakuja asubuhi, anakula chipsi, anarudi kwake jioni, na barabara kuu ya M55 iliyofunguliwa 1975 ilimrahisishia. Hispania ilikuja juu ya hayo yote, na jua la uhakika.

Watu hawakuacha kuja Blackpool. Mpaka leo wanakuja kwa mamilioni kila mwaka. Walichoacha ni kulala, na nyumba yenye vyumba kumi na wawili haiwezi kuishi kwa mgeni wa mchana.

Miaka ya 1980, ukosefu wa ajira ulipopanda Uingereza nzima, mwenye gesti alikuwa na vyumba vitupu na benki mlangoni. Kwa upande mwingine palikuwa na mtu aliyepoteza kazi au ndoa kwenye mji mwingine, anayekumbuka siku za furaha za utotoni Blackpool, na ambaye serikali ingemlipia kodi ya chumba. Wakakutana. Gesti moja baada ya nyingine ikawa nyumba ya vyumba vya kupangisha.

Nyumba ya namna hiyo ukiingia, gesti bado unaiona. Mlangoni kuna safu ya kengele na karatasi za majina zilizofifia. Namba za vyumba ni zilezile za hotelini, zimepakwa rangi juu. Chumba kina sinki dogo la kunawia kwenye kona, ambalo enzi hizo lilikuwa la kujivunia kwenye tangazo, na sasa mpangaji anaoshea humo vyombo kwa sababu jikoni ni jiko la umeme la sahani mbili juu ya kabati. Kuta za ndani ni mbao nyembamba zilizokigawa chumba kikubwa mara mbili, dirisha limekatwa katikati, nusu kwako nusu kwa jirani. Bafu na choo ni cha kushirikiana, chini ya ngazi. Kwa wiki moja ya Julai mtu angevumilia. Huyu anakaa miaka.

Na kanuni za ruzuku ya kodi zilisaidia biashara hiyo iendelee. Tangu 2008 kiwango cha ruzuku kwa wapangaji wa watu binafsi hukokotolewa kwa eneo pana la soko, na Blackpool imewekwa kapu moja na majirani wenye uwezo zaidi kama Lytham St Annes. Matokeo yake, chumba kibovu cha katikati ya Blackpool kinaweza kulipiwa kuliko thamani yake. Mwenye nyumba hana sababu ya kukikarabati, na hana sababu ya kuunganisha viwili kiwe kimoja.

Takwimu za 2019 za ufukara England zilionyesha mitaa minane kati ya kumi iliyo duni kuliko yote iko Blackpool. Miaka hiyo mwanamume aliyezaliwa hapo alitarajiwa kuishi miaka kama 74, pungufu kuliko popote England. Profesa Chris Whitty, mganga mkuu wa England, alieleza vizuri katika ripoti yake ya 2021 kuhusu afya ya miji ya pwani: nyumba za wageni zilizogeuzwa vyumba huwavuta watu ambao tayari wana maradhi na shida. Sikubaliani kabisa na wanaosema wapangaji hawa ndio walioharibu mji. Walipewa chumba pekee walichoweza kupata, na aliyepanga bei ya chumba hicho si wao.

Tiba kubwa iliyotarajiwa ilikuwa kasino kubwa ya kitaifa, lakini Januari 2007 Manchester ndiyo iliyopendekezwa, na mwishowe haikujengwa popote. Manispaa ilinunua Mnara na Winter Gardens 2010, na nafurahi majengo hayo yametunzwa. Ila kazi ninayoifuatilia kwa karibu ni ya Blackpool Housing Company, kampuni ya manispaa iliyoundwa 2015. Inanunua gesti zilizochakaa na nyumba za vyumba, inabomoa zile kuta nyembamba na kutengeneza fleti kamili, kila moja na jiko lake na choo chake, kisha inapangisha yenyewe. Inafanya kazi ndani ya soko lilelile la ruzuku, jambo linaloonyesha kwamba kwa fedha hizohizo za serikali mpangaji anaweza kupata nyumba ya maana. Ni kazi ya taratibu, nyumba moja moja, na kila vyumba viwili vinapofanywa fleti moja, mji unapungukiwa chumba kimoja cha mgeni wa wiki ambaye harudi tena.