Ndege ya laiti ni nini?

Mpwa wangu aliikuta mezani bado imebanwa na vibanio vya nguo, gundi haijakauka. Akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Mjomba, hii ndege ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya jeshi la majini la Tanganyika, mwaka 1963. Yuko darasa la sita na historia anaipenda, kwa hiyo hakunipa nafasi. "Tanganyika ilikuwa na ndege za majini?" Haikuwa nazo. "Sasa?"

Hiyo "sasa?" yake ndiyo ninayotaka kuijibu hapa.

Watu wanaounda modeli za ndege kwa kawaida hunakili ndege iliyowahi kuruka: namba ile ile ubavuni, rangi ile ile, hata doa la mafuta mahali lilipokuwa. Ila kuna tawi la kazi hii ambalo halinakili chochote. Unaunda ndege ambayo ingeweza kuwapo kama mambo yangekwenda njia nyingine. Sijaona Kiswahili kikiipa jina, basi mimi naiita ndege ya laiti, maana kila moja huanza na neno hilo. Yangu ilianza hivi: laiti Waingereza, walipokuwa wanafungasha mwaka 1961, wangeiachia Tanganyika meli moja kuukuu ya kubebea ndege, ikatia nanga Mtwara.

Huo ni uongo, na nimeusema waziwazi. Lakini katika ndege ya laiti unapewa uongo mmoja tu. Ukishautamka, vingine vyote vinafungwa na ukweli. Chukua alama ya ubavuni. Nimesema 1963, kwa hiyo rangi za taifa ni kijani, dhahabu na nyeusi. Bluu haimo, ilikuja na bendera ya Muungano mwaka 1964. Mtu akiniwekea bluu kwenye ndege ya 1963 nitamrudisha darasani, ingawa ndege yenyewe haijawahi kuwapo popote. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye modeli huwa fupi zaidi, kwa sababu mtazamaji anaishika mkononi na kuigeuza.

Halafu kuna skeli. Yangu ni 1:72, yaani sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 72 za kitu halisi. Namba hiyo inaonekana kama imeokotwa, lakini fundi yeyote anayetumia rula ya futi ataielewa mara moja: futi sita ni inchi 72, kwa hiyo inchi moja ya modeli ni futi sita za kweli. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na milimita 24 hivi. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ambayo mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yalikuwa mita 11.23, inakuja kuwa sentimita 15.6, inatosha kwenye bahasha ya barua.

Skeli ndiyo inayokufanya uvitazame vitu vya nyumbani kwa jicho jingine. Ile kadi ya plastiki inayobaki ukishaimegua laini ya simu ina unene wa robo tatu ya milimita hivi. Zidisha kwa 72: sentimita tano na nusu. Ukiikata iwe mlango wa kuficha gurudumu bila kuipiga msasa, umetengeneza mlango mnene kama ubao wa kupasulia kuni. Mimi huzipiga msasa hadi zianze kupitisha mwanga, ndipo nazitumia.

Sasa neno "majini". Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hudhani ndege ya majini ni ndege ya kawaida iliyopakwa bluu. Ndege inayotua melini ni kiumbe kingine. Sitaha ni fupi, inainuka na kushuka, na rubani hana nafasi ya kuishusha ndege polepole kama anavyofanya uwanjani, anaibwaga. Kwa hiyo miguu yake lazima iwe mizito, na mkiani iwe na ndoano ya kunasa kebo za chuma zilizotandazwa kukingama sitaha. Waingereza walijifunza kwa maumivu. Waliichukua Spitfire, wakaitia ndoano, wakaiita Seafire. Huko Salerno, Italia, Septemba 1943, upepo ukiwa hafifu na meli zao ndogo zikienda taratibu, Seafire zilizoharibika wakati wa kutua zilikuwa nyingi kuliko zilizoangushwa na adui. Miguu ilikuwa ya uwanja wa nyasi.

Kisha mabawa. Melini nafasi ni ghali, hivyo mabawa hukunjwa. Hadithi ninayoipenda hapa ni ya Leroy Grumman, mtengenezaji wa ndege wa Marekani, aliyekuwa akitafuta namna ya kuyarudisha mabawa nyuma yalale ubavuni kama ya ndege wa porini akitua. Alichukua kifutio cha penseli kikawa mwili, akachomeka vibanio vya karatasi vilivyonyooshwa vikawa mabawa, akavizungusha hadi akapata pembe sahihi ya bawaba. Jibu hilo likaingia kwenye Wildcat, ndege yake ya kivita ya majini. Kwa maneno mengine, kabla ya ndege kulikuwa na modeli, na modeli ilikuwa takataka za mezani. Siku mke wangu akiuliza kwa nini nahifadhi vijiti vya mishikaki, namsimulia habari za Grumman.

Yangu inaitwa Shakwe. Nilifuata desturi ya Waingereza wenyewe, ambao ndege zao mbili za majini waliziita Fulmar na Gannet, majina ya ndege wa baharini. Mwili nimeutoa kwenye boksi moja la vipande vya modeli vya plastiki, mabawa kwenye boksi jingine, pua nimeichonga. Mahali viungo visipokutana nimejaza fila, ile ile ya mafundi wanaonyoosha bodi za magari, nikaipiga msasa wa maji. Ndoano ni waya wa klipu ya karatasi, kwa heshima ya mzee Grumman. Bawa la kushoto limekunjwa, la kulia limenyooka, na sitajifanya kwamba nilipanga hivyo: bawaba ya kulia ilinyonya gundi nyingi ikaganda.

Rangi ndiyo inayosema zaidi. Kwa nini ndege za majini nyingi ziwe nyeusinyeusi juu na nyeupe chini? Jibu nililipata soko la Majengo hapa Dodoma, mbele ya beseni la vibua wa barafu. Mgongo ni bluu iliyoingiwa na kijani, tumbo ni fedha. Anayemtazama kibua kutoka juu anaona kina cha maji, anayemtazama kutoka chini anaona mwanga. Mwaka 1943 Wamarekani walizipaka ndege zao kwa mantiki hiyo hiyo: bluu nzito juu, bluu ya kati ubavuni, nyeupe tumboni. Shakwe ni urithi wa Uingereza, kwa hiyo nimeipa kijivu kilichokolea juu na kijani hafifu, karibu na rangi ya yai la bata, chini.

Kuna jambo linalowashinda hata wazoefu. Ukichanganya kijivu sawasawa kabisa na cha ndege halisi, modeli inaonekana nzito na ya uongo. Toka nje asubuhi utazame vilima vya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Miti yake ni ya kijani kama ya uani kwako, lakini kutoka mjini unaona kijivu chenye bluu, kwa sababu kati yako na kilima kuna hewa na vumbi. Modeli ya 1:72 unayoitazama kwa nusu mita ni kama ndege halisi iliyo mita 36 kutoka kwako. Basi lazima uongeze nyeupe kidogo kwenye rangi, uipakie ile hewa ambayo haipo.

Vumbi, kwa upande wake, lipo. Shakwe ya kwanza niliipaka barazani Nkuhungu mwezi wa Agosti, na upepo wa Agosti wa Dodoma hauna adabu. Chembe ya mchanga ya sehemu tatu za kumi za milimita ikinata kwenye bawa, kwa skeli hiyo ni kokoto ya sentimita mbili. Ilikuwa nazo mia. Nikajaribu kuzifuta kwa thina ya magari, na thina ikala plastiki, bawa likalegea kama mshumaa. Kosa langu mwenyewe. Siku hizi napaka bafuni alfajiri, nimeshamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale. Natumia rangi za akriliki za wachoraji, na kwa kuwa hewa yetu kavu huigandisha rangi kwenye brashi kabla haijafika, naitia tone la glisirini.

Uchakavu niliufanya kwa chumvi ya mawe. Unapaka rangi ya bati kwanza, inakauka, unailowesha kidogo, unanyunyizia chembe za chumvi pale ambapo mafundi wangekanyaga, unapaka kijivu juu yake, kisha unazipangusa. Chini panabaki mabaka ya bati yaliyobabuka, kama yalivyoliwa na bahari. Chumvi niliyotumia ilitoka Uvinza, Kigoma, ambako pia hakuna bahari.

Watu huniuliza ndege za majini zinatuhusu nini. Zilifika huku mapema sana. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walileta ndege ya maji, yaani inayotua juu ya maji, kuitafuta Königsberg, meli ya Kijerumani iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na mwaka uliofuata wakaweka kambi Kisiwa cha Mafia. Joto na unyevu wa pwani vikazionea mbao na gundi za ndege hizo. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikamalizwa, ndege zikiwa angani kuielekeza mizinga. Kwa hiyo laiti yangu haikuanzia hewani.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, hata ya gundi. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: meli yenyewe iko wapi? Tukapiga hesabu nyuma ya daftari lake. Meli ya mita 200, gawanya kwa 72, ni mita 2.78. Akaenda kuchukua futi kamba ya shangazi yake ya ushonaji, akaanza kupima korido.