Kibodi ya USB kwenye Linux: usihangaike na draiva

Watu wakihamia Linux huniuliza sana: draiva ya kibodi naipakua wapi? Huipakui popote. Karibu kila kibodi ya USB huzungumza kwa kanuni moja iitwayo HID, na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaielewa tayari. Chomeka waya, fungua terminali, andika `sudo dmesg | tail`. Ukiona mstari wenye neno `input` na jina la kibodi yako, imeshapokelewa. Usipouona, jaribu tundu jingine, na kama umepitia kwenye kigawanyaji cha USB, kitoe kwanza.

Kasheshe yenyewe huanza pale unapobonyeza @ na kwenye skrini inatokea ". Wengi hurudisha kibodi walikoinunua, kumbe nzima. Kibodi haitumi herufi; inatuma namba ya kitufe. Kitufe cha 2 cha safu ya juu, kwa mfano, hutuma 31, pamoja na taarifa kwamba Shift imeshikiliwa. Basi. Kompyuta haina macho ya kuona kilichochapwa juu ya plastiki, kwa hiyo inaangalia mpangilio wa vitufe uliochaguliwa: kwa ule wa Marekani, Shift na 2 ni @, kwa ule wa Uingereza ni ".

Kwenye GNOME au KDE, yaani mazingira ya madirisha na menyu unayoyaona kwenye skrini, badilisha mpangilio huo kwenye mipangilio ya kibodi, yatosha. Maelekezo mengi ya zamani yatakupeleka kwenye `setxkbmap`. Amri hiyo ni ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, usiitegemee.

Kwa Linux za aina ya Debian na Ubuntu, mpangilio wa mfumo mzima unawekwa hivi:

`sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`

Majibu yako yanaandikwa kwenye `/etc/default/keyboard`. Humo utakuta `XKBLAYOUT="us"`, au `"gb"` kwa Uingereza.

Mwenye diski iliyosimbwa awe makini hapa. Nywila ya diski huombwa mapema mno, kabla mipangilio ya GNOME au KDE haijasomwa. Wakati huo kinachotumika ni mpangilio uliofungashwa ndani ya initramfs (furushi la faili linalopakiwa kwanza mashine inapowaka), nao unasasishwa kwa `sudo update-initramfs -u`. Kabla ya kuzima mashine, fungua kihariri maandishi, uandike alama zote za ajabu zilizomo kwenye nywila yako uone zinatokea wapi sasa. Usihifadhi faili hilo!

Na kama umeshazima na nywila inakataliwa, usikimbilie kusakinisha upya. Fikiria ni mpangilio upi uliokuwepo ulipoiweka. Iliwekwa kwa mpangilio wa Marekani, ina @, na sasa mashine inawaka na wa Uingereza? Shikilia Shift, bonyeza kitufe cha ', kilicho jirani na Enter. Hapo ndipo @ ilipohamia.